Kuna mtu ameniambia "si ulishakisoma?" na bado yuko hai, hapa hapa Sakina

Wakuu, nimetoka kwake nusu saa iliyopita, mikono bado inatetemeka, kwa hiyo herufi zikiruka mnisamehe.

Mnamjua. Wa Arusha wote mnamjua, msijifanye. Yule anayeingia kwako kuomba chumvi akatoka na kiti. Yule aliyeazima mwavuli wa mama mchungaji masika ya mwaka juzi, na mama mchungaji analowa mpaka leo. Jina silitaji, nisije nikampa umaarufu.

Mwezi wa tano alikuja kwangu, akasimama mbele ya kabati la vitabu, akakuna kidevu kama profesa, akachomoa Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi. Siyo kopi ya juzi. Ni ile ile niliyoisoma kidato cha pili chini ya blanketi kwa tochi, maana kitabu kilitoka 1971, kikapigwa marufuku mashuleni, na ingawa enzi zetu marufuku ilishapoa, matroni wetu habari hizo zilikuwa hazijamfikia.

Sasa mimi nina tabia moja. Nikimaliza kitabu, kule nyuma kabisa naandika kwa penseli tarehe na mahali. Kile kilikuwa na tarehe kumi na moja. Moja ya bwenini. Moja ya kwenye basi lililotufia Usa River, tukakaa mpaka giza. Moja ya wodini, usiku niliokuwa namuuguza baba. Moja ya Januari 2020, alipofariki Kezilahabi, nikakesha nacho. Watu wana albamu za picha. Mimi nilikuwa na ukurasa ule.

Leo jioni nimekifuata. Nakuta wageni wanne sebuleni, sufuria la makande mezani, na chini ya sufuria kuna nini? Rosa. Akainua sufuria, akakipangusa kitabu pajani, pu pu, akanipa. Jalada lina duara jeusi la masizi kama mhuri wa serikali ya mtaa. Nafungua nyuma, hakuna nyuma. Karatasi nne za mwisho hazipo. Nikauliza. Ananijibu, "Aisee, baridi la wiki hii unalijua, mkaa ulikuwa na unyevu." Amekokea jiko!

Nikabaki nimeduwaa. Ndipo akasema, tena kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto: "Kwani si ulishakisoma?"

Na wageni wakacheka. Mmoja akacheka mpaka punje ya hindi ikamtokea puani. Hiyo ndiyo raha pekee niliyoipata leo.

Si ulishakisoma! Kwa hiyo ukishakula, sahani unaivunja? Tenzi za kanisani ulishaziimba, mbona Jumapili unarudi? Mke wako ulishamwoa... basi, naishia hapo, sitaki kufungiwa.

Humo kitabuni Zakaria alimcharaza bintiye Rosa kwa ajili ya barua tu. Mimi kitabu kizima kimeivisha makande na sijamgusa mtu. Nipewe nishani.

Nawasilisha.

Chalii wa Kijenge: Uzi bila picha ni umbea. Weka hilo duara tulione.

Mangi Mtulivu: Mara kumi na moja? Mkuu, kwani mara ya kwanza ulikuwa huelewi?

Ndizi Mshare: Chai hii, na haina hata tangawizi. Karatasi nne haziwashi jiko lenye mkaa wa unyevu. Lazima alitia na mafuta ya taa.

Mleta uzi: Kwa hiyo kilichokugusa ni mafuta ya taa? Ameniambia SI ULISHAKISOMA, mbele za watu, sufuria bado linafuka mvuke!

Mangi Mtulivu: Hayo ni mambo ya Chuga. Huku Moshi mtu akiazima anarudisha.

Chalii wa Kijenge: Mnarudisha nini? Nyie wenyewe mnarudi Desemba tu.

Bibi Karafuu: Pole mwanangu, ila afadhali wewe umerudishiwa chochote. Shemeji yangu wa Kibosho aliazima sufuria langu la shughuli, akasema ni la msiba wa siku mbili. Miaka mitatu. Krismasi nimelikuta zizini, ng'ombe anakunywea maji. Nikamsalimia ng'ombe nikaondoka.

Toyo Bila Breki: Mimi Kufa na Kupona ya Musiba ilizunguka bweni zima, ikarudi haina kurasa ishirini za mwanzo. Nilipofungua, mpelelezi Willy Gamba tayari yuko kazini. Mpaka leo sijui nani alimtuma.

Ndizi Mshare: Si ungemuuliza aliyeisoma kwanza?

Toyo Bila Breki: Ndiye aliyezichana.

Mtumba wa Vitabu: Mleta uzi, Rosa Mistika ninayo, kurasa zote zipo, njoo PM. Ninayo na Peponi ya Gurnah, ile tafsiri ya Kiswahili ya 2022. Ukichukua zote mbili tunaongea vizuri.

Mleta uzi: Tarehe zangu zimo?

Mtumba wa Vitabu: Penseli nakuongezea bure.

Chalii wa Kijenge: 😂😂 Nimekaa pale.

Mangi Mtulivu: Ila tuwe wakweli, mkaa wa siku hizi nao ni majanga. Juzi nimebeba gunia, juu mkaa, katikati vumbi, chini mawe. Hata mimi ningechoma kitabu.

Bibi Karafuu: Hamieni gesi. Mimi mkaa nishausahau.

Toyo Bila Breki: Bibi, mtungi wa kilo 6, watu wanne, unakaa muda gani?

Mleta uzi: Jamani, mada. Kwa upole, wakuu. Aliniambia KWA UPOLE.

Ndizi Mshare: Inategemea mnapika nini. Kwangu chai na wali tu unasogea.

Toyo Bila Breki: Na makande?

Bibi Karafuu: Makande bila kuloweka, hesabu mtungi umeisha. Loweka mahindi na maharage usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji, ndiyo ubandike.