Tupeane uzoefu: wimbo wa kompyuta uliokupendeza sana mwanzoni, kisha ukaukinai

Mwana wa Langoni
Assalaam alaykum, wanajamvi. Jana usiku nilikuwa nimekaa barazani akapita kijana na spika, akiupiga wimbo wa harusi ambao mwaka jana nilikuwa nikiurudia hata mara kumi kwa siku, nami nikajikuta natamani apite upesi. Wimbo ni uleule: kinanda kimenyooka, mdundo haukosei, sauti safi. Ilhali kaseti ya muziki wa udi aliyoniachia baba, inayokwaruza tangu mwanzo hadi mwisho, sijaikinai hadi leo. Nani mwingine yamemfika haya?

Bi Mkomani
Yamenifika. Kwangu haukumaliza mwezi.

Fundi wa Malindi
Kazi yangu ni kurekodi, na sababu yake naiona kila siku. Mtu akipiga dumbaki kwa mkono, hakuna mapigo mawili yanayolingana. Moja huchelewa kidogo, jingine huwa zito kwa sababu mwimbaji amepaza sauti naye akamfuata. Kwenye programu mimi huchukua pigo moja la «dum» na moja la «tak», nikayapanga juu ya mistari sawasawa, kisha kipande kifupi kilichonipendeza nikakinakili hadi mwisho wa wimbo. Siku ya kwanza sikio hufurahia unadhifu huo, lakini likishaukariri halina tena cha kutafuta. Zaidi ya hayo huwa tunaibana sauti, palipo chini papande, ili wimbo usikike hata ndani ya tuktuk barabarani, na hapo kunong'ona na kupaza sauti huwa kitu kimoja.

Mpiga Udi
Umeliacha lililo kubwa. Shingo ya udi haina vigawanyo, kwa hiyo kidole hutua kwenye sauti zilizo katikati ya sauti, na bila ya hizo maqamu (ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu) kama Rast au Bayati hayakamiliki. Kinanda cha kawaida kina sauti 12 tu katika oktava. Marehemu Zein l'Abdin, mwimbaji na mpiga udi, mwana wa Lamu aliyetutoka mwaka 2016, hatumchoki kwa sababu hiyo.

Fundi wa Malindi
Mzee wangu, kwa heshima zote, hapo sikubaliani nawe. Vipo vinanda vinavyoshushwa robo ya toni, na mimi ninacho kimoja. Mashine ya ngoma ya Linn LM-1, iliyotoka mwaka 1980, tayari ilikuwa na njia ya kuyumbisha mapigo. Tatizo si umeme, ni haraka zetu.

Mpiga Udi
Myumbo uliopangwa na mashine nao hujirudia vilevile, mwanangu.

Binti wa Matondoni
Niwieni radhi nikiwakatiza. Mamangu alikuwa mwimbaji wa vugo, ngoma ya wanawake ya harusini. Ilipokaribia harusi ya dada yangu nilimrekodi kwa simu, nikaipeleka sauti yake studio itiwe kinanda na ngoma. Tulipousikia wimbo tulilia kwa furaha, kwani sauti ilikuwa imenyooshwa, haina mkwaruzo, na imetiwa mwangwi. Ulipigwa harusini usiku kucha. Miezi minane baadaye mama akafariki.

Nikawa nausikiliza kila usiku, na haikufika arubaini nikaanza kusikia kilichokosekana. Mama alikuwa akivuta pumzi kwa nguvu kabla ya kila ubeti, na neno la mwisho la mshororo alikuwa akilishusha taratibu, mithili ya mtu anayetua ndoo kichwani. Pumzi zote zilikuwa zimekatwa, na kila alipoishusha sauti walikuwa wameipandisha ikae sawa. Kiitikio, alichokiimba mara nne kwa namna nne mbele ya macho yangu, kilikuwa kimoja tu kilichonakiliwa. Nilirudi studio kuomba rekodi ya asili, nikaambiwa imefutwa kupisha kazi nyingine. Na simu yangu ilikuwa imekwisha kuangukia baharini kwenye gati la Mokowe. Tangu siku hiyo wimbo ule siuwezi.

Bi Mkomani
Mola amrehemu. Uweke kando mwaka mzima, usiuguse kabisa.

Mwana wa Langoni
Mimi naona asiuache. Ausikilize, lakini mara moja tu kwa mwezi.

Mpiga Udi
Waulize wanawake waliopiga vugo pamoja naye. Kwenye simu zao huenda yamo mengi.

Fundi wa Malindi
Pole sana, dada yangu. Nami nimekwisha kufuta rekodi za watu ili nipate nafasi. Kuanzia leo kila mwimbaji nitampa sauti yake kwenye flashi, pumzi zake na kikohozi chake vikiwemo, kabla sijagusa chochote.

Binti wa Matondoni
Nimemwuliza shangazi baada ya kusoma hapa. Anao ujumbe wa sauti aliotumiwa na mama, sekunde arubaini hivi, anaimba ubeti mmoja huku akikuna nazi, na mbuzi inasikika chini yake. Pumzi ipo. Nimeurudia tangu alfajiri.

Fundi wa Malindi
Usimruhusu mtu yeyote ausafishe, hata mimi.

Bi Mkomani
Na uunakili mahali pawili, leo hii.