Tanuu la chuma skulini: tulijenge au tuliwache?

Mwana wa Konde: Assalaam alaykum. Kamati ya skuli yetu hapa Pemba imegawika pande mbili. Wengine tunataka tujenge kitanuu cha udongo cha kutolea chuma kwenye jiwe, kama wahenga walivyofanya, wanafunzi waone kwa macho yao. Wengine wanasema ni kuteketeza makaa bure. Mie nasema kijengwe. Mtoto anasomeshwa kuwa Unguja Ukuu, ule mji wa kale, yamefukuliwa mavi ya chuma, yaani taka za kazi ya chuma, ukimuuliza yalitokaje, kimya. Nyie mwaonaje?

Kijiti cha Bandarini: Napinga. Makaa tunaletewa na majahazi kutoka bara, na bei kila mtu anaijua. Isitoshe, chuma si jambo letu. Sisi ardhi yetu mawe ya chokaa. Pemba hasa, watu walikuwa wakinunua majembe, hawakutengeneza.

Koleo la Wete: Kijiti, babu yangu alikuwa mhunzi hapa Wete, kafua majembe na visu mpaka mkono ukamlemaa. Usiniambie hatukutengeneza! Na pwani hii si ya jana: Al-Idrisi aliandika karne ya 12 kuwa watu wa Malindi wanachimba chuma na ndiyo biashara yao kubwa.

Kijiti cha Bandarini: Kufua ni kitu kimoja, kukitoa kwenye jiwe ni kingine. Babu yako, Mungu amrehemu, alifua chuma kilichokwisha kutolewa. Na Malindi si Pemba.

Mwana wa Konde: Jamani, turudi kwenye tanuu. Koleo, weye umelelewa kwenye viriba, ile mivukuto ya ngozi ya kupulizia moto. Linapakiwaje? Na chuma kikishakuwa maji tutakimwaga wapi?

Koleo la Wete: Hakiwi maji, ndugu yangu. Chuma kinataka nyuzi 1538 ndipo kiyeyuke, na tanuu la udongo halikuhitaji kufika huko, 1200 na kitu inatosha. Kwanza unalikausha na kulipasha kwa makaa matupu. Likiwiva, unatia kwa juu: tabaka la makaa, tabaka la mawe yaliyochomwa na kupondwa, tena makaa, tena mawe. Mzigo unashuka wenyewe kadiri makaa yanavyoliwa, na weye unajaza. Chini mivukuto haisimami, watu wanapokezana. Mdomo wa mvukuto unakingwa na kewa, lile bomba la udongo. Kinachoyeyuka ni taka za jiwe, ndiyo hayo mavi ya chuma. Chuma chenyewe kinabaki bonge lenye matundu kama sifongo, linatolewa likigongwa lingali jekundu. Mtoto ataelewa, ni kama tanuu la chokaa tu.

Wa Makunduchi: Hapo umenichoma. "La chokaa tu"? Marehemu baba amesomesha watoto sita kwa chokaa. Unajua kupanga magogo duara, ukaacha tundu la moto katikati, ukapandisha mawe juu yake yasiporomokee upande mmoja? Likiinama, kazi ya wiki nzima imepotea. Mji Mkongwe umesimama kwa chokaa, haukusimama kwa jembe.

Koleo la Wete: Sikudharau, mzee wangu. Nilisema kwa wepesi.

Wa Makunduchi: Wepesi gani? Sisi tulitumia magogo mazima, hata ya minazi. Nyie mnataka makaa. Mngejua kupanga, magogo yangetosha na huyu Kijiti asingelalamika bei.

Koleo la Wete: Hapo ndipo zinapoachana. Jiwe la chokaa linataka joto, basi. Jiwe la chuma limeshikana na oksijeni, na gesi ya makaa yaliyobanwa hewa ndiyo inayoinyakua. Makaa hapo ni moto na ni dawa. Gogo bichi litakupa moshi na mvuke.

Bi Karafuu: Wanangu, hata wenye kazi yao haikuwa rahisi. Wahaya wa Kagera walikuwa wameiacha zamani. Miaka ya 1970 wazee wakaifufua mbele ya Peter Schmidt, mwanaakiolojia, na mwanzo iliwatatiza. Walichoma matete ya kinamasini chini ya tanuu kabla ya yote, na udongo wao ulikuwa wa kichuguu. Na Ufipa kulikuwa na malungu, matanuu marefu yanayovuta hewa yenyewe bila mvukuto. Bonge likitoka huko lilisafishwa kwenye kitanuu kidogo, na huko mivukuto ilitumika.

Kijiti cha Bandarini: Kagera, Ufipa. Yote bara! Nilisema nini mie?

Wa Makunduchi: Basi wajengeeni watoto tanuu la chokaa. Mawe yapo, mafundi tupo. Nitavuka mwenyewe nije niwapangie.

Kijiti cha Bandarini: Hilo naliunga mkono. Ni letu.

Mwana wa Konde: Mzee, karibu sana, utafikia kwangu. Nitalipeleka kwenye kamati Jumamosi.

Koleo la Wete: Mie sijakubali. Viriba vya babu ninavyo mpaka leo, ngozi imekauka lakini mti wake mzima. Kamati ikae ikijua kuwa Jumamosi nakuja navyo.