Tuliokuwa Rufiji wakati Bwawa la Nyerere linajengwa, tupeane uzoefu

Fundi Nondo

Wakuu, habari zenu. Juzi binti yangu alirudi kutoka shule na swali la kujibu: nani alijenga Bwawa la Julius Nyerere? Alikuwa ameshaandika "Wamisri", kwa kuwa mkataba wa Desemba 2018 walipewa Arab Contractors na Elsewedy Electric. Nikamwambia aongeze maneno mawili, "na baba". Ndipo nikaona tuliokuwepo tuandike wenyewe kabla hatujasahau.

Nianze mimi. Nilifika saiti mwaka 2020, majuma machache kabla mto haujachepushwa. Wengi wanadhani lile tuta kuu limejaa nondo. Hapana. Lile ni zege la kushindilia: linakuja kavukavu kama udongo wenye unyevu, linamwagwa, tingatinga linasambaza, rola inapita juu kama watu wanatengeneza barabara. Kisha tabaka jingine. Ukuta wa mita 131 umepanda hivyohivyo. Nondo zilikuwa kwetu, kwenye jengo la mitambo na kwenye njia za maji. Mchana nondo iliyolala juani huishiki bila glavu, kwa hiyo kazi ilitembea usiku. Koleo la kufungia waya limeniachia sugu kwenye kiganja cha kulia, haijatoka mpaka leo.

Si yote yalikuwa mazuri. Kampuni ndogo iliyoniajiri, jina naliacha, iliondoka bila kutulipa mwezi wa mwisho. Tulikuwa kumi na wanne. Iliniuma, na bado inaniuma.

Lakini tarehe 22 Desemba 2022, lango liliposhushwa maji yaanze kujaa, nilikuwepo. Upande wa juu kulikuwa na mwamba tuliozoea kuutazama tukinywa chai. Nikaenda kulala. Niliporudi zamu ya pili, mwamba haupo, ni maji tu, yametulia. Nilivua helmeti.

Mama wa Mloka

Kaka Fundi, pole kwa huo mshahara. Huenda nimekulisha. Mimi nilikuwa na kibanda barabarani hapa Mloka. Naamka saa nane usiku, nawasha kuni, chapati na maharage viwe tayari kabla magari hayajapita. Kabla ya mradi nilikuwa nauza sahani ishirini kwa siku, ikizidi sana. Kazi ilipochanganya nikaajiri wasichana watatu.

Shida yetu ilikuwa tembo. Usiku mmoja alivunja ukuta wa jiko akala unga wote, nikabaki nimejikunyata chumbani na watoto, tunamsikia anavyohema. Asubuhi wateja wakaja kama kawaida, sina cha kuwapa ila chai ya rangi. Waliinywa, wakalipa kama wamekula.

Nyumba yangu ya bati imetoka kwenye zile chapati. Sasa vijana wameondoka, magari ni machache. Mabenchi mawili niliyochongesha nimeyaweka nyuma ya nyumba. Siyauzi.

Dereva wa Fuga

Mimi nilibeba mizigo kutoka stesheni ya Fuga, reli ya TAZARA, kuingia saiti. Ushauri kwa atakayepita pori lile: usivae bluu wala nyeusi. Mbung'o wanazipenda rangi hizo. Nilipewa overoli ya bluu, wiki ya kwanza mgongo ulivimba wote.

Laini Kubwa

Nilikuwa kwenye laini ya kilovoti 400 kwenda Chalinze. Mtambo wa kwanza kuwashwa ulikuwa namba 9, Februari 2024, megawati 235. Iko tisa, jumla 2,115. Mliokaa gizani kwenye mgao wa miezi ile mnajua megawati 235 maana yake nini. Mama yangu ana friji la samaki. Alinipigia simu usiku ule kuniambia linanguruma, akaiacha simu karibu nalo nisikie.

Mkulima wa Mohoro

Hongereni wanangu. Mimi nina miaka sabini na mitatu, mjukuu ananiandikia. Nyie mmeuona mto huko juu, sisi tuko bondeni.

Rufiji tunalima mara mbili. Kuna kilimo cha mvua, na kuna mlau, ule wa kupanda kwenye tope mafuriko yakishuka. Mlau hauna mbolea ya dukani, mto ndio unaileta. Mzee wangu alikuwa na dungu shambani, chumba juu ya miti, maji yakipanda familia inakaa juu na mtumbwi umefungwa kwenye nguzo. Mafuriko kwetu yalikuwa mgeni anayejulikana mwezi wake.

Ya Aprili 2024 hayakuwa mgeni huyo. Mvua zilikuwa kubwa mno, na huko juu bwawa lilikuwa limejaa. Nilipoteza ekari tatu za mahindi na mpunga. Siji hapa kulaumu mtu, umeme na sisi tunautaka. Ninachoomba mnaojua mambo ya bwawa mnieleze: maji yakifunguliwa kule, yanatufikia baada ya siku ngapi? Nikilijua hilo, najua lini nivune na lini nihamishe mbuzi.

Fundi Nondo

Shikamoo mzee. Sisi wa nondo hilo hatukufundishwa, nisikudanganye. Yuko jamaa tuliyefanya naye kazi, sasa anasoma vipimo vya mto. Nampigia leo jioni, nitakuandikia hapahapa. Shamba lako liko upande gani wa mto?

Mkulima wa Mohoro

Marahaba mwanangu. Kusini, ukishavuka Daraja la Mkapa. Mwaka huu nimepanda kunde, na dungu nimelisimamisha upya. Nguzo nimeziongeza urefu wa mkono mmoja.