Linux: kamera ya pili ya USB inagoma kuwaka

Wakuu, kamera 2 zipo kwenye habu moja. Amri ya lsusb (huorodhesha vifaa vya USB) inaziona zote, ila ya pili inatoa "No space left on device". Diski ina nafasi tele.

— Hapo si diski, ni nafasi kwenye njia ya USB. YUYV (umbizo la video isiyobanwa) ya 640x480 kwa fremu 30 hula takriban MB 18 kwa sekunde, na kila kamera hujiwekea nafasi yake mapema. Badili umbizo liwe MJPG (video iliyobanwa):
v4l2-ctl -d /dev/video2 --set-fmt-video=width=640,height=480,pixelformat=MJPG
Hakikisha namba ya kamera (hapo video2) kwa v4l2-ctl --list-devices. Video1 mara nyingi ni metadata tu (taarifa za ziada, si picha).

— Mkuu, ukibaki na YUYV, funga programu zote za kamera, kisha pakia upya uvcvideo (kiendeshi cha kamera) ili kikadirie upya nafasi inayohitajika:
sudo modprobe -r uvcvideo
sudo modprobe uvcvideo quirks=128
Kwa MJPG haisaidii. Bora zaidi, hamishia kamera moja kwenye kidhibiti kingine cha USB. Kagua kwa lsusb -t.