Mkutano mkuu wa kijiji: tuulizeje mapato na matumizi mpaka tujibiwe?

MkaziWaBondeni
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kwa wenye uzoefu. Kijijini kwetu tulichangishwa hela za madarasa, kila kaya, wengine walilipa kwa mahindi, sasa maboma yamefika kwenye renta yamesimama na kila tukiuliza zimebaki shingapi tunaambiwa hilo limepokelewa litafanyiwa kazi. Mkutano ukiitishwa tangazo linasema saa tatu unaanza saa tano, wanaongea viongozi, wanaongea wageni, maswali yanatupwa kwenye mengineyo, ile ajenda ya mwisho kabisa, jua likiwa la utosi na akina mama wengi wameshaondoka kuwahi kupika. Mzee mmoja aliuliza kwa hasira akaambiwa ni mchochezi, akakalishwa. Nataka kujua mwananchi wa kawaida ana haki gani ya kuuliza na aulizeje mpaka apate jibu lenye tarakimu?

Mjumbe Mstaafu
Poleni sana mkuu. Nimewahi kuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji kwahiyo naongea nilichokiona nikiwa upande wa pili wa meza.

Kwanza mjue nyie ni nani. Mkutano mkuu wa kijiji ni wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, na hapa Tanzania Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 inautambua kuwa ndio wenye mamlaka ya juu kijijini, sio mwenyekiti, na unatakiwa ukae angalau kila miezi mitatu. Ile halmashauri ya wajumbe 15 hadi 25 inawajibika kwenu. Hata ardhi ya kijiji hawawezi kumgawia mtu bila mkutano mkuu kuridhia, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema hivyo. Kwahiyo ukiuliza hela huombi hisani.

Sasa namna ya kuuliza. Ukisimama ukasema "hela zetu mmekula" umemsaidia kiongozi, atatumia nusu saa nzima kutetea heshima yake na hesabu hakuna atakayeigusa. Uliza hivi: kaya ngapi zimelipa, jumla shilingi ngapi, ziliwekwa akaunti gani, zilizotoka zimenunua nini na risiti ziko wapi, mahindi yaliuzwa kwa nani kwa bei gani. Yaandike, umpelekee mtendaji wa kijiji kabla ya siku ya mkutano maana yeye ndiye katibu na ndiye anayeshika kalamu ya muhtasari. Siku yenyewe simama usome kama ulivyoandika halafu omba swali na jibu viingie kwenye muhtasari, na kama hakuna jibu basi iandikwe hivyo hivyo kwamba halikujibiwa. Mkutano unaofuata, kabla ya ajenda mpya kuna yatokanayo na muhtasari uliopita, hapo swali lako linarudi lenyewe hata kama wewe umesafiri. Watu wengi wanakaa kusubiri mengineyo wakati mlango uko kule mwanzoni. Na ajenda zinapopitishwa nyoosha mkono uombe mapato na matumizi yasogezwe juu, mkiunga mkono wengi mwenyekiti atapata shida kukataa mbele ya watu wote.

mama_Zuu
Nakazia hapo kwa Mjumbe. Usiende peke yako jamani, huyo mzee walimkalisha kwa sababu alikuwa mmoja. Sisi wanawake wa kikoba tuligawana maswali, huyu anauliza ya saruji, huyu ya fundi, huyu ya mabati, ukikaa wewe anasimama mwingine kwa adabu tu, shikamoo mwenyekiti naomba kuuliza. Nani utamwita mchochezi hapo? Taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa, haikuwa kamili lakini ilisomwa, na ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Na dai muda wa mkutano mkubaliane nao nyie, sio upangwe na mtu ambaye hana chungu jikoni.

Mpwani_KE
Huku Kenya mambo yanafanana ndugu zangu. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 196 inataka bunge la kaunti lifanye vikao vyake wazi na wananchi washirikishwe, lakini ukienda kwa vikao vya bajeti unakuta watu wamepewa karatasi siku hiyo hiyo, utauliza nini na hujasoma? Dai stakabadhi mapema. Sheria ya kupata habari ya 2016 inazipa ofisi za umma siku 21 za kukujibu ukiandika barua.

Kalamu Nyekundu
Na Tanzania tunayo yetu, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, siku 30. Mimi kidogo natofautiana na waliotangulia, mkutano peke yake hautoshi kama muhtasari wanauandika wao. Mkitoka pale andikeni barua inayotaja tarehe ya mkutano na swali lililoulizwa, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya, maana mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa wa huko, hakuchaguliwa na nyie kama mwenyekiti. Diwani pia mpeni nakala. Baraza la madiwani linakaa kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kwenda kusikiliza, hapigi swali yeye, anayeuliza ni diwani wenu, kwahiyo mumpe swali limeshaandikwa na muwepo siku hiyo awaone.

MkaziWaBondeni
Asanteni sana, nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Sasa mtendaji akikataa kupokea barua je?

Mjumbe Mstaafu
Andika nakala mbili, ya kwako uombe agonge muhuri na tarehe. Akikataa, nendeni watu watatu kwa mtendaji wa kata siku hiyo hiyo, apokee yeye, na kwenye barua muandike kwamba kijijini ilikataliwa tarehe fulani.