Mwekezaji akikimbia, ardhi ya kijiji inarudi kwa nani?

MKULIMA WA KIBAIGWA: Wadau, Julai 2025 serikali ilipopiga marufuku wasio raia kununua mazao shambani, hapa Kibaigwa, Dodoma, tulishangilia. Mimi nilishangilia nusu. Mgeni mwenye mzani na fuso tumembana. Mwenye ekari mia tano je?

Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi mgeni ardhi ila kwa uwekezaji. Ila akiitaka ya kijiji, kwanza ihamishwe iwe ardhi ya jumla, yaani itoke kwa kijiji iwe chini ya serikali kuu. Chini ya hekta 250 mkutano mkuu wa kijiji ndio unaamua. Kuanzia hapo kwenda juu ni waziri, baada ya kusikia kijiji kinasemaje. Sasa jamaa akikimbia mwaka wa tatu, shamba likaota miiba, ardhi hairudi kijijini. Inabaki ya jumla. Mwanao ataiomba kama mtu wa kuja.

Niliwahi kushika muhtasari wa mkutano wa aina hiyo, kijiji sikitaji. Ukurasa mmoja na robo. Zahanati na kisima vimepewa mstari mmoja: "mwekezaji ameahidi kushirikiana na jamii". Lini, kwa hela ipi, kimya. Karatasi ya mahudhurio ndiyo ilinichosha: kuanzia namba 14 hadi 60, mwandiko ni mmoja.

MZABIBU WA CHAMWINO: Ndugu yangu, unatisha watu. Umewahi kuona zabibu zimeiva na mnunuzi hayupo? Unakaa kibandani unasikiliza nyuki wakila ada ya watoto. Tukiongeza mihuri, mwenye mtaji anahamia Zambia. Mimi nataka wa kununua mchuzi wa zabibu, ile juisi ya kutengenezea mvinyo, hata atoke mwezini.

MKULIMA WA KIBAIGWA: Mkuu, huyo ni wa kiwanda. Anahitaji kiwanja na mkataba na wewe, aje hata kesho. Nabishana na anayetaka ekari elfu ambazo hajawahi kuziona zikinyeshewa. Waingereza walileta mradi wao wa karanga hapa Kongwa 1947, serikali nzima nyuma yao, matrekta hadi basi. 1951 wakafunga, zaidi ya pauni milioni 36 zimeteketea. Udongo ule ukikauka ni saruji. Mgogo yeyote angewaambia, tena bure.

MCHANGIAJI WA BAHI: Mnagombania sheria, mimi nauliza mkaguzi. Kwetu afisa alikuja mara moja, akapiga picha getini, akaondoka. Ndani kulikuwa na mbuzi wa mlinzi.

MZABIBU WA CHAMWINO: Hapo kwenye mbuzi nimecheka, lakini sawa. Ukaguzi naukubali. Kila msimu, na diwani awepo.

MKULIMA WA KIBAIGWA: Na muhtasari useme kabisa: asipolima miaka mitatu, ardhi irudi kwa kijiji.

MCHANGIAJI WA BAHI: Mwanasheria wa halmashauri atakwambia kipengele hicho hakina nguvu, ardhi ikishakuwa ya jumla imetoka mikononi mwenu. Kwa nini tusimpangishe tu, ibaki ya kijiji?

MZABIBU WA CHAMWINO: Benki itamkopesha kwa karatasi ya kijiji?