Mjadala: Kumvamia jirani mapema, ujanja au pupa?

Wakuu, leo tulimalize hili la Civilization VI, mchezo wa kompyuta wa kujenga dola kwa zamu, maana kila nikilitaja naitwa mshari. Msimamo wangu: jirani akiwa karibu, mchukulie mji wake kabla hajajenga ukuta. Walowezi, wale wa kuanzisha miji mipya, watasubiri.

Mlowezi wa kwanza anakula pointi 80 za uzalishaji wa mji, kila anayefuata anaongezeka 30, na mji unaomtoa unapungukiwa mkazi mmoja. Mrusha kombeo ni 35 tu. Ukishajua upinde unamlipia dhahabu kidogo, anakuwa mpiga mishale. Watatu wa hao na askari wawili wa rungu wanatosha kukupa mji uliokwisha kukua. Unavuna usipopanda. Na ngazi ya Deity, ile ngumu kuliko zote, kompyuta inaanza na walowezi watatu, wewe mmoja. Utaifikia lini kwa upole?

— Mkuu, umeficha nusu ya hesabu. Warusha kombeo watatu ni 105, askari wawili 80, jumla 185, bado dhahabu ya kuwapandisha pembeni. Walowezi wawili ni 190. Kwa gharama hiyohiyo mimi nina miji miwili ya uhakika, wewe una mmoja wa kubahatisha. Ukuta ukisimama kabla hujafika, mishale yako inadonoa tu, na mji wenyewe unaanza kukupiga.

— Askari mmoja nimepewa bure mwanzo wa mchezo, kwa hiyo toa 40. Halafu mlowezi akishaweka mji ndiyo basi, ametoweka. Jeshi langu linabaki, linakwenda mji wa pili. Nikiweka kadi ya sera ya Agoge, uzalishaji wa askari hao unapanda asilimia 50.

— Na mimi naweka kadi ya ukoloni, walowezi wangu wanapanda asilimia 50 vilevile. Tumerudi palepale.

— Naomba kuingilia. Wote mnacheza kama bado tuko 2016. Tangu nyongeza ya mchezo, Rise and Fall ya 2018, kuna uaminifu: mji unavutwa na miji iliyouzunguka, na uaminifu ukiisha unaasi. Nilishateka mji uliozungukwa na miji mingine ya adui, nikafurahi, baada ya zamu chache ukaasi ukawa huru. Zamu thelathini za jasho zikaenda na maji. Sasa nauliza kwanza: nikiuchukua huu, ninaweza kuchukua na wa jirani yake upesi? Kama siwezi, siuanzi. Gavana ukimweka mjini anasaidia, anaongeza uaminifu 8 kila zamu.

Jambo jingine, wengi wanapiga mji upande mmoja tu. Usipouzingira pande zote unajitibu pointi 20 kila zamu, na mnabaki mkitwangana bure. Wapiga mishale hawawezi kuingia mjini hata wakiumaliza, kwa hiyo mlinde askari wa rungu kama mboni ya jicho. Nimeona mtu ameua ulinzi wote hana wa kuingia. Nilicheka, samahani.

— La uaminifu nakubali, hapo umenishika. Ila jirani akiwa na mji mmoja tu, na huo ndio makao yake makuu? Hauna wa kuuvuta.

— Huyo mle. Hata mimi mpenda amani ningemla, mradi asiwe ameshaweka ukuta.

— Akiwa ameweka?

— Gogo la kubomolea ukuta, mkuu, au urudi nyumbani ukalime.